Uji wa Ng'ombe Mzazi

Michenga, 7 Desemba 1997

Bwana mifugo Valeriani alituambia kwenye semina kwamba kila mwenye ng'ombe wa mradi amwangalie kwato kila asubuhi na aandike alichoona. Kwato za Iringa ni nzuri. Hilo limechukua mstari mmoja, daftari lina kurasa nyingi na mimi nina maneno, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Iringa ni ng'ombe wetu, ingawa si wetu sana. Mradi wa kina mama ulitupa mtamba mwenye mimba kwa sharti moja: ndama jike wa kwanza aende kwa mwenzetu anayefuata, na baada ya hapo ng'ombe ni wako. Anayefuata kwetu ni jirani yetu Philomena, mjane, ambaye alimaliza kujenga banda tangu Agosti na analifagia kila siku wakati halina hata kuku ndani. Tulimwita Iringa kwa sababu alitoka huko kwa lori. Alipofika alisimama uani akihema kwa joto la Kilombero, akituangalia kama mtu aliyedanganywa.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu Dionisi, na mama yake, ambaye jina lake ni Restituta lakini hakuna anayethubutu kulitumia. Mwanangu Beno yuko kwa shangazi yake Ifakara kwa ajili ya shule. Dionisi hana habari na ng'ombe. Kwake yeye kisichoota shambani si kazi. Mama naye alisema mnyama mkubwa namna ile ataleta nzi. Kwa hiyo ng'ombe ni wangu, na kwato zake ni zangu.

12 Desemba

Mvua. Kwato nzuri.

13 Desemba

Mvua. Kwato nzuri.

19 Desemba

Mvua haijakata. Redio inaiita Elinino. Mama anasema mvua ni mvua, haihitaji jina la ubatizo. Maji yameingia shamba la bondeni na Dionisi anashinda huko na jembe akizuia kisichozuilika. Ng'ombe wa mradi haruhusiwi kutoka bandani, kwa sababu ya kupe na mbung'o na kwa sababu ya makundi ya ng'ombe wa Wasukuma yanayopita. Hivyo mimi ndiye ninayetoka kukata majani na kurudi nimelowa, na yeye anakula amesimama pakavu. Sijui ni nani anayemfuga mwenzake.

Kwato nzuri.

2 Januari 1998

Mwaka mpya, matope yale yale. Nimetandaza makapi ya mpunga bandani. Kwato nzuri.

11 Januari

Iringa amezaa. Jike!

Philomena alikuja mbio huku maji yakimfika magotini, hajafunga hata kitambaa kichwani. Akapiga magoti kwenye makapi, akaanza kumfuta ndama kwa kanga yake mwenyewe. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Lakini aliyenishangaza ni mama. Yeye wa nzi. Alisimama mlangoni akimwangalia Iringa anavyotetemeka miguu, kisha akageuka akaenda kuwasha moto. Nilipomfuata jikoni nikakuta ametia chenga za mchele kwenye sufuria kubwa ya misiba. Nikamuuliza kuna wageni? Akasema, "Mama Beno, mzazi hawezi kula majani matupu."

Akapika uji wa mchele, mzito, akatia chumvi, akaupoza kwa mkono wake kama anavyoupoza kwa mtu. Ni uji ule ule alionipikia mimi nilipomzaa Beno. Huku kwetu mzazi hanyimwi mchele, hata nyumba ikiwa inalala na mboga tu. Iringa aliingiza mdomo kwenye ndoo akanywa mpaka ikalia tupu. Mama akasema, mmeona?

14 Januari

Ndoo asubuhi, ndoo jioni. Dionisi ananung'unika kwamba ng'ombe anakula wali na yeye ugali. Mama kamjibu kwamba siku atakayozaa atampikia. Kwato nzuri.

20 Januari

Kinyesi cha Iringa ni chepesi, kina povu na harufu ya kitu kilichochacha. Mama anasema ni majani yenye maji. Kweli majani yote sasa yana maji. Kaongeza uji uwe mzito zaidi ili umfunge tumbo.

28 Januari

Maziwa mengi mno. Tumewapa majirani, tumegandisha, tumekunywa mpaka Dionisi amesahau kununa. Mama anatembea kijijini kama aliyezaa yeye. Nimemsikia akimwambia mtu njiani kwamba siri ni uji. Namwonea wivu Iringa kidogo, nikisema ukweli. Mimi uji wangu ulidumu wiki mbili tu.

Kwato nzuri, ila hapendi nikizishika.

5 Februari

Asubuhi hakuinuka mpaka nilipompiga kofi la mgongo. Alipoinuka alisimama kapishanisha miguu ya mbele, mgongo ameupinda. Nikagusa juu ya ukwato, pale ngozi inapokutana na kwato. Pa moto.

Mvua.

9 Februari

Anachechemea. Hatua moja, anasita, hatua nyingine. Nimezitazama kwato kwa nje na sioni kidonda.

Jirani yetu wa pili kasema ni ugonjwa wa miguu na midomo, umeletwa na ng'ombe wa Wasukuma waliopita juzi. Nikaamini papo hapo, kwa sababu nilitaka awepo wa kulaumiwa. Nikatoka na panga mkononi hadi njiani na nikapiga kelele kwa kijana mmoja mchungaji wa Kisukuma aliyekuwa anapita na ng'ombe zake. Kanisalimia shikamoo. Nimerudi nikamfungua Iringa mdomo, nikapitisha vidole kwenye ufizi na ulimi: hakuna lengelenge hata moja. Nimeona haya, lakini yule kijana ameshakwenda.

Mama anasema amepungukiwa nguvu. Leo ndoo tatu.

12 Februari

Nimekwenda Ifakara kumwona Valeriani. Baiskeli mpaka maji yalipoanza, kisha mtumbwi, kisha miguu. Nilimkuta ofisini kazungukwa na watu wenye shida kama yangu: mbuzi wamekufa maji, ndama wana homa. Alinisikiliza amesimama. Akasema mwaka huu kwato za wilaya nzima zinaoza kwa matope, pikipiki yake haiwezi kuvuka kwa sasa, nimkaushie sakafu na nimwogeshe kwato kwa maji ya mrututu, ile dawa ya unga wa buluu. Akanipa mrututu kwenye gazeti. Nilishukuru mpaka nikajishtukia. Nimefika nyumbani vidole vyangu ni vya buluu.

15 Februari

Dionisi kaacha shamba. Mtu ambaye hakuwahi kuushika mkia wa ng'ombe leo kabeba matofali mabichi ya nyumba tuliyokuwa tujenge, kainua sakafu ya banda yote, kashindilia, kamwaga makapi makavu juu. Nikamuuliza na nyumba je? Akasema nyumba haichechemei. Sikujua kama mume wangu anaweza kusema hivyo.

16 Februari

Mrututu asubuhi na jioni. Uji asubuhi, mchana na jioni. Hakuna nafuu.

18 Februari

Mrututu. Uji. Mvua.

19 Februari

Vile vile.

22 Februari

Maziwa yamepungua nusu. Iringa analala sana. Akitaka kula anajiburuta kwa magoti ya mbele, kwato zimebaki nyuma kama kitu asichokitaka tena.

Jioni tulikuwa jikoni na mama, yeye anakoroga, mimi nachambua mboga. Bila kuniangalia akaanza kunisimulia habari za Jane. Nilijua tu kwamba Dionisi alikuwa na dada aliyekufa. Sikujua kwamba alikufa hapa, kwenye chumba tunamoweka mpunga, siku chache baada ya kujifungua. Ulikuwa mwaka wa mafuriko na nyumba haikuwa na punje ya mchele. Mama alimkorogea uji wa makopa ya mihogo. Jane alikataa mara mbili, mara ya tatu akanywa ili kumfurahisha mama yake. Mtoto alitangulia, naye akafuata.

Mama akasema, "Mzazi hafi na njaa tena katika nyumba hii. Labda nife mimi kwanza."

Nimemwogopa mama huyu miaka yote tangu nilipoolewa. Leo nilitamani nimshike mkono, lakini ulikuwa na mwiko.

3 Machi

Barabara ya Kidatu imekatika tena. Mrututu umekwisha. Kwato za mbele zimeanza kubadilika umbo, zimekuwa bapa, zina mistari ya pete pete. Ndama anaruka ruka kama hana mama mgonjwa. Philomena anakuja kila siku kumkatia majani, na naona anavyomtazama Iringa, halafu ndama, halafu Iringa.

7 Machi

Sijui nifanye nini. Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa naitazama.

10 Machi

Mvua. Uji.

14 Machi

Valeriani amekuja. Kwa mtumbwi, na begi la vyombo kichwani, amelowa mpaka kifuani. Mama alikuwa amekwenda kusali jumuiya na Dionisi alikuwa shambani.

Tulimfunga Iringa, tukamlaza ubavu. Valeriani akachukua kisu cha kwato, kile kilichopinda ncha, akaanza kukwangua unyayo wa ukwato wa mbele wa kulia. Chini ya rangi ya kijivu ikatokea njano, chini ya njano damu, iliyolala kwenye ukwato wenyewe kama doa la mvinyo kwenye kitambaa. Akaendelea kidogo kwenye ncha. Kisha akaacha. Akaniambia niiname nione. Palikuwa na tundu, na ndani yake kitu cheupe. Ni mfupa.

Akaniuliza, "Anakula nini?"

Nikasema majani. Pumba kidogo. Na uji.

"Uji gani?"

"Wa chenga. Ndoo asubuhi, mchana na jioni. Mwanzoni zilikuwa mbili, tangu azae."

Akaweka kisu chini. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alinieleza polepole kwamba tumbo la ng'ombe ni la majani. Mchele mwingi unachacha humo ndani, ule uchachu unaingia kwenye damu, na damu inaupeleka mpaka kwenye kwato, ambako nyama inavimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Mfupa unaachia na kuteremka. Matope yameongeza tu. Kisha akasema ulipokuja ofisini sikukuuliza chakula, niliona matope kila mahali nikafikiri matope. Akayasema haya huku anasafisha kisu ambacho kilikuwa tayari kisafi.

Nikamuuliza dawa. Akasema kwa mfupa uliotoka hakuna. Za mbele zote mbili ndivyo zilivyo. Tumchinje angali ana nyama, na kila siku tunayongoja ni maumivu. Lakini mchinjaji wa kuja na mtumbwi hawezi kupatikana mpaka maji yapungue, labda wiki, labda zaidi.

Nilimsindikiza mpaka majini.

Jioni

Mama alirudi amefurahi. Aliomba jumuiya nzima imwombee Iringa, na wakakubali, ingawa mwenyekiti alicheka kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Nilimvuta Dionisi nyuma ya migomba nikamweleza yote. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Nikasema sasa hivi nakwenda kumwambia mama aache. Akanishika mkono.

"Utamwambia nini? Kwamba ameua wa pili?"

Nikamwambia hakumwua Jane. Akasema mimi najua, wewe unajua, yeye je? Akasema ng'ombe ameshakwenda, mwache mama.

Nilimchukia kwa dakika kadhaa. Kisha nikaichukua ndoo kutoka kwa mama, nikasema kuanzia leo nitampelekea mwenyewe, wewe umechoka. Nikapita bandani bila kusimama, nikaumwaga uji wote nyuma ya migomba.

15 Machi

Nimerudisha ndoo tupu. Mama kaitazama, uso ukamkunjuka. "Kamaliza yote? Basi atapona."

17 Machi

Nakata majani laini kabisa, nampelekea Iringa pale alipolala, namshikia mdomoni. Anageuza kichwa. Ananusa mikono yangu, kwa sababu ina harufu ya uji. Anangoja ndoo. Analia, si kwa nguvu.

Valeriani alisema uji unamwongezea maumivu. Nasimama na majani yangu na sijui kipi ni huruma.

19 Machi

Bata wa Philomena wamegundua mahali ninapomwaga. Wamenenepa. Mama anapika, namwaga, bata wanakula, Iringa anangoja. Nimecheka peke yangu kama kichaa, kisha nikalia.

24 Machi

Mchinjaji amefika asubuhi. Mama alikuwa anakoroga. Aliposikia sauti za wanaume bandani alitoka na mwiko mkononi akasimama mbele ya mlango. Akamwambia Dionisi kwamba ng'ombe anayemaliza ndoo tatu kwa siku si ng'ombe wa kuchinjwa. Akauliza mbele ya watu kama yeye Dionisi ana njaa ya nyama kiasi hicho. Kwamba alinuna tangu mwanzo kwa sababu ya wali, na leo ameupata wasaa.

Dionisi alimwondoa mama mlangoni kwa kumshika mabega, taratibu. Alinitazama mara moja tu, na nikaelewa kwamba ananiambia ninyamaze.

Nilinyamaza.

25 Machi

Mama hakugusa nyama. Haongei na Dionisi.

6 Aprili

Ndama anapata maziwa kwa Wasukuma, tunabadilishana kwa mpunga. Yule kijana niliyempigia kelele ndiye anayeleta. Kanisalimia tena shikamoo kama hakuna kilichotokea.

Dionisi anamwamkia mama kila asubuhi. Haitikii. Anaweka chakula chake chini, mbali kidogo, kama anavyowekewa mgeni asiyefahamika.

20 Aprili

Vile vile.

Nilimwambia Dionisi imetosha, acha nimwambie. Akasema mama anaiweza hasira ya kumkasirikia yeye, ile ya kujikasirikia mwenyewe hataiweza. Nilikuwa namwona mtu huyu ni mvivu wa kupenda. Nilikosea, na sasa sijui nimsaidieje.

11 Mei

Jua. Mvua imekwisha bila kuaga. Mpunga wa bondeni ulichukuliwa na maji, wa juu umeiva.

30 Mei

Tunavuna. Mama anavuna upande ule, Dionisi upande huu.

14 Juni

Leo tumemkabidhi Philomena ndama wake. Kina mama wa mradi walikuja baada ya misa, wakaimba, wakamvisha ndama shada la maua ya uani. Valeriani hakuwepo, amehamishiwa Kidatu. Kamba nilikuwa nayo mimi. Sisi tunabaki na banda tupu, kwa kuwa sharti ni sharti hata kama mama wa ndama amekufa. Philomena alijua hilo na alishindwa kutuangalia usoni kwa furaha yake.

Nilikuwa nataka kutoa kamba nimalize. Mama akasema ngoja. Akasogea, akamshika Philomena mikono yote miwili, akaanza kumfunda kama anayefunda mwali. Atakapozaa, alisema, usimwache na majani matupu. Mpikie uji wa mchele, mzito, na chumvi kidogo. Usihesabu ndoo. Wetu alikuwa anakunywa mpaka siku ya mwisho, tatizo halikuwa uji, tatizo ni watu wenye haraka ya kisu. Kina mama walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Philomena anasema ndiyo mama, ndiyo mama. Na wengine wawili ambao ng'ombe wao watazaa mwezi ujao walikuwa wamesogea ili wasikie vizuri.

Dionisi alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakunitazama safari hii. Alikuwa anatazama chini.

Nikasema, "Mama, ule uji ndio uliomwua."

Nilisema yote. Tumbo, uchachu, kwato, mfupa. Nilisema bwana mifugo alikuja lini na alisema nini. Sikumtazama mama mpaka nilipomaliza, na nilipomtazama alikuwa anamwangalia mwanawe.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Nilidhani ataanguka, nikajiandaa kumdaka. Hakuanguka. Alinigeukia mimi.

"Na ndoo zilizokuwa zinarudi tupu?"

"Nilikuwa namwaga. Tangu Valeriani alipokuja."

"Siku zote zile?"

"Siku zote zile, mama."

"Kwa hiyo alikufa na njaa," mama akasema.

Nilitaka kusema majani yalikuwepo, nilimshikia mwenyewe mdomoni, hakutaka. Nilitaka kusema ilikuwa kwa ajili yake. Mama alichukua kamba kutoka mkononi mwangu, akampa Philomena, akamwambia ampe majani tu, amesikia tulivyosema, majani tu. Kisha akaingia ndani.

15 Juni

Asubuhi mama alimtengea Dionisi chai, akamwuliza kama alilala salama. Dionisi alishindwa kuinywa, akakishika tu kikombe kwa mikono miwili.

Mimi nilimkuta uani anafagia. Nikainama, nikasema shikamoo mama. Akaendelea kufagia. Nikadhani hakusikia, nikasema tena. Akafagia mpaka miguuni pangu, akasimamisha ufagio, akangoja nipishe.